Shilingi Kwenye Bega la Kulia

Binti wa Daktari Mehta alinipigia simu nikiwa kwa foleni ya mafuta pale Ngong Road. Akaniambia baba yake amefariki, wameshamchoma kwa desturi yao, na sasa mwenye jengo anataka chumba chake. "Wewe ndiye mtu wa mashine," akasema. "Njoo utoe vitu ukutani." Ningetuma vijana. Vijana ninao wa kutosha, na magari mawili yenye ngazi juu ya paa, na ukianzia Kawangware ukashuka Dagoretti mpaka Mutuini, kliniki yoyote inayotuma picha ya kifua kwa kompyuta, jua inapita kwa waya wangu. Sisemi hivyo kujisifu. Au nasema, haidhuru. Mtu wa darasa la saba asipojisifu mwenyewe, nani atamfanyia hiyo kazi? Lakini siku hiyo nilienda mwenyewe, nikapanda zile ngazi za mjini magoti yakilalamika, simu mbili zikilia mfukoni na zote nikazizima. Chumba kilikuwa vile vile, pazia zito, na masanduku ya taa ya kusomea picha za eksrei ukutani, ambayo hakuna mtu atakayeyanunua tena. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa, ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kukikalia. Nilikuwa nakikalia mimi.

Mambo ya wazazi, ya shamba, ya viatu nilivyokosa, nayaruka. Kila mtu wa umri wangu anayo na yote yanafanana. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na minne, nikiwa nimeacha kubeba ngozi mbichi kwenye kichinjio cha Dagoretti kwa sababu harufu ilikuwa imeanza kunifuata mpaka kanisani, nikaajiriwa na mzee Gitau kubeba picha. Gitau alikuwa amestaafu kazi ya eksrei serikalini, akafungua kliniki yake nyuma ya soko, na mashine moja kuukuu ambayo ikiwashwa, taa za maduka ya jirani zinafifia. Kupiga picha alijua. Kuisoma na kuitia sahihi hakuruhusiwa. Hiyo ilikuwa kazi ya daktari wa picha, na madaktari wa picha walikaa mjini. Kwa hivyo filamu ikikauka, Gitau anaitia kwenye bahasha kubwa ya kaki, mimi naipeleka kwa Daktari Mehta, nangoja aisome, narudi na ripoti kabla kliniki haijafungwa. Watu wakiniuliza leo nilianza lini mambo ya intaneti, nawaambia intaneti ya Dagoretti ilikuwa mimi.

Kuna jambo moja la ile kazi lazima nilieleze, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Filamu ya eksrei ni kama kioo cha dirisha. Ukiigeuza nyuma mbele bado unaona picha, ila kulia kumekuwa kushoto. Ndiyo maana wapiga picha huweka herufi ndogo ya madini ya risasi upande wa kulia wa mgonjwa, nayo inatokea kwenye filamu. Gitau alikuwa amepoteza herufi zake wakati wa kuhama, na badala ya kutafuta nyingine, akawa anabandika shilingi kwa plasta juu ya bega la kulia la kila mtu. Shilingi inatokea kama duara jeupe. Palipo na duara ndipo kulia. Gitau alijua, mimi nilijua, na Daktari Mehta nilimwambia siku ya kwanza. Akanitazama juu ya miwani. "Huyu Gitau yako iko maskini ya herufi," akasema, "lakini iko tajiri sana. Kila mgonjwa anapewa shilingi."

Mehta alizaliwa Ngara, mtaa wa Wahindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha dukani, hakukionea aibu wala mimi sikukicheka, maana changu hakikuwa bora. Chumba kilikuwa gorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Chini yetu kulikuwa na mafundi cherehani wawili waliobishana kutwa, na sauti zao zilipanda kupitia mbao za sakafu: "Mwambie nguo haijapungua, yeye ndiye ameongezeka." "Mwambie wewe, ni dada yako." Saa za mchana Mehta alifungua mikebe yake iliyopandana, wali, dengu, chapati nyembamba na achari ya ndimu iliyoniuma ulimi wiki ya kwanza, na alinisukumia kifuniko kimoja kiwe sahani yangu. "Kula, Karanja. Mtu ya njaa inapoteza bahasha." Nikishakula, nilikuwa naosha mikebe kwenye karo ya ukumbini huku yeye akiweka filamu ukutani, na hapo ndipo maswali yalipoanza. Huyu alikuja kwa miguu ama alibebwa? Alikohoa akiinama ama akiwa wima? Analala upande gani? Mwanzoni nilibuni majibu. Alinishika mara moja tu. "Hapana ongeza chumvi," akasema. "Kama hujui, sema hujui, mimi nitasoma giza yangu." Basi nikajifunza kukaa na wagonjwa kwenye benchi la Gitau kabla ya kuondoka, kuwaangalia na kupiga nao gumzo, kwa sababu nilijua huko mjini kuna mtu ataniuliza. Siku hizi chakula cha mchana nakula ndani ya gari, injini ikinguruma, na kijana wangu wa mitambo ananieleza hitilafu kupitia dirisha.

Asubuhi, kabla ya bahasha, nilikuwa mtu wa Mama Shiro. Kibanda chake kilitazama lango la kichinjio, na alipika supu ya kichwa na chapati nene zilizohitaji mikono miwili. Wachinjaji walikaa hapo na aproni zao, wakibishana juu ya ng'ombe na wanasiasa kwa sauti moja. Mama Shiro hakubishana na mtu. Alikuwa na tabia ya kukupa supu kwanza halafu kukuuliza kama unataka. Alijua kila kitu cha Mehta kutoka kwangu, hata chapati zake. "Huyo Mhindi wako anakulisha leso," aliniambia. "Kaa hapa ule chakula."

Katikati ya mwaka mtoto wa Gitau aliyekuwa ng'ambo akaja likizo na mizigo. Ilikuwa kompyuta, na skana pana ya kuingiza filamu, na mkataba na kampuni ya wasomaji waliokaa mbali, sijui nchi gani. Jua likiwa utosini kwetu, wao ndio kwanza wanaamka. Filamu inaingia kwenye skana, picha inapita kwa laini ya simu ikijikokota, na kabla ya jioni ripoti imerudi, imepigwa chapa, Kiingereza safi. Gitau alivaa tai siku hiyo. Akaniita pembeni akaniambia, "Karanja, miguu yako nimeishukuru sana." Nikajua maana yake. Sikuondoka. Hakuna aliyenifukuza kwa mdomo, kwa hivyo kila asubuhi nilifika, nikafagia, nikaenda mjini kununua wino wa printa, na muda uliobaki nilisimama nyuma ya Gitau nikiangalia vidole vyake. Watu wanafikiri ufundi wa kompyuta unasomewa. Mimi nilisomea mgongoni kwa mtu mwingine.

Ripoti za ajabu zilianza wiki ya kwanza. Mchinjaji mmoja, mtu wa kubeba nusu ng'ombe peke yake, ripoti ikasema moyo wake uko upande wa kulia. Halafu mwalimu wa shule ya chekechea, naye moyo kulia. Halafu mtoto, na kwa mtoto wakaongeza kwamba kuna sarafu mwilini, mzazi aulizwe kama ameimeza. Gitau alicheka mpaka akatoa miwani. "Hawa watu wanasoma wakiwa na usingizi," akasema. Habari ikafika kibandani, na yule mchinjaji akawa anaweka mkono upande wa kulia wimbo wa taifa ukipigwa redioni, na wenzake wakamwambia sasa wamejua ni kwa nini hajawahi kulipia raundi. Nilicheka nao. Ilikuwa inachekesha kweli. Hakuna aliyesimama kujiuliza ni kitu gani kinachofanya mioyo ya Dagoretti ihame yote kwa pamoja.

Kisha Mama Shiro akaugua. Alianza kwa kuacha kuinua sufuria mwenyewe, halafu akawa anaongea vipande vipande, anapumua, anaendelea. Siku niliyompata amejilaza kwenye benchi la kibanda saa za wateja, nilimshika mkono tukaenda kwa Gitau. Picha ikapigwa, shilingi ikabandikwa, filamu ikaingia kwenye skana, na ripoti ikarudi bila maajabu: maji mengi kifuani upande wa kushoto, yameusukuma moyo upande wa pili, apelekwe hospitali awekwe mpira wa kuyatoa. Gitau aliisoma mara mbili kwa heshima. "Hii sasa ndiyo ripoti," akasema. Asubuhi iliyofuata nilimpeleka Mama Shiro kwenye hospitali ndogo iliyokuwa nyuma ya mtaa wa Woodley, mahali ambapo leo pana nyumba za kupangisha. Nesi akachukua karatasi. Nikampa na bahasha ya filamu, akairudisha. "Kaa nayo hiyo, tuna ripoti." Mama Shiro akapewa kitanda, daktari alikuwa kwenye upasuaji, angekuja kumtoboa mchana. "Nenda na shughuli zako," Mama Shiro akaniambia. "Ukikaa hapa utanifanya nijione mgonjwa."

Shughuli yangu ilikuwa wino wa printa. Nikaenda mjini na bahasha kwapani, na baada ya kununua, miguu ikanipeleka yenyewe juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa sijaonekana huko tangu skana ije. Mehta hakuuliza nimepotelea wapi. Ukutani taa zilikuwa zimezimwa zote isipokuwa moja. Akafungua mikebe, akanisukumia kifuniko.

"Hiyo bahasha ni ya nani?"

"Si ya kusomwa, Daktari. Imeshasomwa. Ni ya Mama Shiro."

"Yule ya chapati nene?"

"Ana maji kifuani. Anawekwa mpira leo."

Akatafuna. Naye kwa mazoea tu, najua ni kwa mazoea, akauliza, "Analala upande gani?"

"Kulia. Hawezi kulala kwingine, anasema akigeuka anazama."

"Na maji iko wapi?"

"Kushoto. Ripoti imesema."

Aliacha kutafuna. "Mtu ya maji," akasema polepole, "analalia maji. Upande mzuri anaacha juu, ipate hewa." Akajifuta mikono, akanyoosha mkono wake, na nikampa bahasha. Filamu ikapanda ukutani. Nusu moja ya kifua ilikuwa nyeupe tupu kama ukuta uliopakwa chokaa, na juu ya weupe huo, kwenye bega, duara letu. Sikuhitaji kuambiwa. Palipo na shilingi ndipo kulia, na maji yalikuwa chini ya shilingi. Wale wa mbali hawakuwa na kosa. Walipewa picha iliyoingizwa kwenye skana uso chini, na alama ambayo kwao ilikuwa sarafu tu ya mtu aliyesahau kutoa vitu mwilini. Na moyo uliosukumwa ukawakubalia, maana maji ya kushoto husukuma moyo kulia.

Mehta alipiga simu hospitali. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mafundi cherehani walikuwa wakicheka huko chini. Akavaa koti, akafunga mlango bila kuzima taa ya ukutani, na tukashuka kwenye gari lake ambalo viti vilinuka kitambaa cha zamani. Tulipokwama kwenye foleni ya magari karibu na mzunguko alishika usukani kwa mikono miwili, akasema bila kunitazama, "Mimi nimesoma vifua ya watu miaka mingi. Hakuna hata mtu moja nimeona uso." Nilikuwa nawaza sindano ikiingia kwenye pafu zima, lile pekee lililokuwa bado linampumulia yule mama.

Tulimkuta ameketi kitandani, gauni limefunguliwa mgongoni, trei ya vyuma upande wa kushoto na daktari kijana akivaa glavu. Mehta alijitambulisha, akainua filamu kuelekea dirishani, akaonyesha duara. Yule kijana hakuwa mjeuri. Alikuwa amechoka, na alikuwa na karatasi.

"Mzee, ripoti inasema kushoto. Imesomwa na mtaalamu."

"Mtaalamu amesoma vizuri. Lakini yeye hana mgonjwa. Wewe iko na mgonjwa."

"Nimesema tangu asubuhi ni huku," Mama Shiro akasema, akapumua, akagusa ubavu wa kulia. "Nikaambiwa karatasi inasema kule. Nikafikiri labda maumivu ndiyo yamepotea njia."

Mehta alisogea. Aliuliza, "Mama, naweza kugusa?" Mama Shiro akamgeuzia mgongo. Akaweka kidole kimoja, akakigonga kwa kingine. Mwaka huo mitaani kwetu maji yalikuja kwa mgao, na hakuna mtu ambaye hakujua kugonga tangi asikilize limefika wapi. Aligonga kushoto, kukalia kama tangi tupu. Akagonga kulia: du. Akashuka, du, akashuka, du, mpaka chini. Yule daktari kijana akavua glavu moja, akagonga mwenyewe, haraka, halafu taratibu. Alimwambia nesi, "Hamisha trei uweke upande huu."

Wakati wakitayarisha, Mama Shiro alimkagua Mehta kuanzia viatu. "Kwa hivyo ni wewe unayemshibisha huyu, halafu anakuja kwangu kuonja onja."

"Ni mimi. Na wewe ni yule ya chapati nene."

"Nene ndiyo chapati. Zako ni leso."

Mehta akacheka, na wakatutoa nje ya pazia. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, chupa ikajaa, wakaleta nyingine, na kupitia pazia tulimsikia akimuuliza nesi jambo, sentensi nzima, bila kupumzika katikati. Mehta alikuwa amesimama akiangalia sakafu. Alipoisikia sentensi hiyo alinipa bahasha yangu, akaenda kutafuta gari lake.

Mama Shiro alimeza dawa za kifua kwa muda mrefu na akauza supu miaka mingi baadaye. Gitau nilipomweleza alitoa filamu zote za tangu skana ije, akazipandisha moja moja kwenye taa, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na tai yake. "Moyo wa kila mtu uko mahali pake," akasema. "Ni mimi nilikuwa nageuza." Kesho yake akanunua herufi. Na akasema hatagusa skana tena, niiguse mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Wengine wana vyeti ukutani. Mimi niliwekwa kwenye kiti na mtu aliyekiogopa, na kutoka kwenye kiti hicho nimejenga kila kitu unachokiona. Mehta hakurudishiwa bahasha za Dagoretti. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, na kliniki nyingine nazo zilikuwa zinanunua skana, na aliyeziingizia nyingi kati ya hizo waya, mwaka uliofuata na mingine, ni mimi. Nilimwambia hivyo uso kwa uso. Alisema kazi ni kazi, akanisukumia kifuniko.

Lakini miezi ile ya mwisho ya mwaka nilijaribu jambo moja. Kila nilipotuma picha niliandika chini yake mstari, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: huyu amekuja kwa miguu, huyu anakohoa akiinama, huyu analala kwa kushoto. Niliendelea kukaa kwenye benchi na watu ili nipate cha kuandika. Nilijiona mtu mkubwa sana. Baada ya wiki kadhaa wasomaji wakajibu, kwa adabu kabisa, hata jina langu waliliandika sawasawa. Walinishukuru kwa picha zilizo wazi na herufi zinazosomeka. Halafu wakaandika: tafadhali tuma picha peke yake.

Nikaacha, maana kiti kilikuwa bado cha mkopo. Leo kampuni ni yangu, na kila kliniki mpya tunayoiunganisha hupewa maelekezo ya kurasa chache, niliyoyapanga mwenyewe na kijana wa chuo akayasahihisha. Mwezi uliopita nesi mmoja wa Mutuini alianza kuandika chini ya picha zake, mistari na mistari, jinsi mgonjwa anavyokaa, anavyoshika ubavu. Mfumo ulikuwa unakwama. Kijana wangu akaniuliza amjibu nini, nikamwambia amwonyeshe ile sentensi ya wasomaji, iliyo ukurasa wa pili. Anaijua kwa moyo. Vijana wangu wote wanaijua.